Ukiburuta kadi yenye pembe za mviringo, mbona inarudi kuwa mraba?

Mwaka jana nilijitolea kuitengenezea kamati ya harusi ya binamu yangu ukurasa mdogo wa kupanga wageni ukumbini. Kila mgeni ni kadi yenye jina lake: unaishika kwa mausi, unaiburuta hadi kwenye meza, unaiachia. Kadi nilizifanya nyeupe, pembe zake nikazizungusha kidogo, nikazilaza juu ya picha ya kitenge cha sare, bluu iliyokolea yenye maua ya njano. Zikiwa zimetulia zilipendeza kweli. Siku ya kikao shangazi, ambaye ndiye mweka hazina wetu, akashika kadi ya kwanza, akaivuta hadi kwenye duara jeupe la meza, kisha akaisogelea skrini. "Mwanangu, mbona imeng'oka na kitambaa?"

Alikuwa sahihi kuliko nilivyotaka kukiri mbele ya wajumbe. Kila pembe ya kadi ilikuwa na kipande cha kitenge, kama stika iliyobanduliwa ukutani ikaondoka na rangi. Akiiachia, kipande kinatoweka. Akiishika tena, kinarudi. Nilijitetea kwamba ni kompyuta tu, tukaendelea na ajenda ya michango. Usiku nikakaa kutafuta sababu, nikakuta nyuma ya vipande vile vinne kuna historia ndefu na mambo kadhaa ambayo watu huyachanganya kuwa tatizo moja.

Tuanze na kisanduku chenyewe. Kivinjari hakijui umbo lolote isipokuwa mstatili. Kila kitu unachokiona kwenye ukurasa, hata picha ya mtu iliyokatwa duara, kimepangwa ndani ya mstatili. Unapoandika `border-radius: 16px`, yaani amri ya kuzungusha pembe katika CSS, lugha ya kupamba kurasa, kisanduku hakibadiliki umbo, kinachobadilika ni namna kinavyopakwa rangi. Majirani zake bado hukaa kando ya mstatili ule ule, na ukiuliza vipimo vyake kwa `getBoundingClientRect` utajibiwa mstatili. Kuna sehemu moja tu ambako mviringo huheshimiwa zaidi ya rangi: kanuni za CSS zinasema eneo lililo nje ya mkunjo halipokei mguso, kwa hiyo ukibofya kwenye ncha kabisa ya pembe, mbofyo unapita hadi kwa kilicho chini.

Eneo hilo la nje si dogo kama linavyodhaniwa. Pembe ya nusu kipenyo cha pikseli 16 huacha nje karibu pikseli 55. Zikiwa pembe nne ni 220. Kwenye skrini ya simu inayotumia nukta 3 kwa kila pikseli ya CSS, kila upande, hizo zinakuwa karibu nukta 1,980 ambazo ni za kisanduku kwa hesabu lakini si zake kwa rangi. Picha ya wasifu ya duara yenye upana wa pikseli 48 hali yake ni mbaya zaidi: zaidi ya moja ya tano ya mraba wake iko nje ya duara. Swali la makala hii lote ni hili: nukta hizo zisizo na mwenyewe zinajazwa na nani wakati kitu kinatembea?

Katika kesi ya shangazi, jibu linaanzia kwenye jambo ambalo wengi wetu tunaoandika kurasa hatulifikirii. Alichokuwa anakiburuta hakikuwa kadi. Unapoweka `draggable="true"` kwenye elementi, yaani kipande chochote cha ukurasa, na mtu akaanza kuivuta, kivinjari hupiga picha ya elementi ile, mara moja tu, na kuikabidhi kwa mfumo wa uendeshaji. Kadi halisi hubaki palepale ilipokuwa. Kinachofuata mausi ni ile picha, imefifishwa kidogo, na tangu sekunde ile CSS yako haina mamlaka juu yake. Unaweza kubadilisha rangi ya kadi katikati ya safari, picha haitajali. Ndiyo maana pia inaweza kutoka nje ya dirisha la kivinjari na kuelea juu ya programu nyingine, jambo ambalo elementi ya kawaida haiwezi kamwe.

Sasa picha hiyo hupigwaje? Katika Chrome, Edge na vivinjari vingine vinavyotumia injini ya kuchora kurasa iitwayo Blink, mpigapicha wetu ni mvivu kwa namna ya kijanja. Kurasa huchorwa kwa marundo: elementi nyingi huchorwa pamoja kama rundo moja, kutoka chini kwenda juu, na baadhi tu ndizo zenye rundo lake huru. Kadi ya kawaida haina rundo lake. Kwa hiyo kivinjari hupanda kwa wazazi wake, yaani elementi zilizoibeba, hadi kikute wa kwanza mwenye rundo huru, kinaagiza rundo lile lichorwe, kisha kinakata mstatili unaolingana na kadi. Mkasi ni wa mstatili, na chochote kilichokuwa ndani ya mstatili kimeingia pichani: kadi, na kilichoonekana nyuma ya pembe zake. Kitenge.

Ukielewa hilo, mambo mengine yaliyokuwa yanashangaza yanajieleza. Pembe hazina rangi maalumu. Zina rangi ya mahali kadi ilipotoka. Ukurasa wako ukiwa mweupe kote, kasoro ipo ila huioni, na utakaa nayo miaka hadi siku mtu atakapovuta kadi juu ya eneo jeusi. Kivuli ulichokiweka kwa `box-shadow` nacho hukatwa, maana kiko nje ya mstatili wa kadi. Lakini mtoto anayechomoza nje ya mzazi, tuseme kile kiduara chekundu cha idadi ya ujumbe kinachokaa pembeni juu, huhesabiwa, hivyo fremu hupanuka kumfuata, na upenyo wote unaobaki kati yake na kadi hujazwa na mandhari ya nyuma. Hapo ndipo picha inapochekesha.

Dawa iliyoenea miongoni mwa watengenezaji ni mstari mmoja unaoonekana kama uganga: `transform: translate(0, 0)`. Sogeza kadi kwa sifuri. Haisogei, na tatizo linakwisha. Wengi huunakili bila kujua unafanya nini, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kazi yake ni kuipa kadi rundo huru. Elementi yoyote yenye `transform` isiyo `none` hupewa rundo lake, hata kama umbali ni sifuri. Mpigapicha akija hana haja ya kupanda kwa wazazi. Anachora rundo la kadi peke yake, juu ya uwazi mtupu, na pembe zinabaki wazi.

Ila dawa hii ina madhara yake. Elementi yenye `transform` hugeuka kuwa mwenyeji wa watoto wote wenye `position: fixed`. Kama ndani ya kadi una menyu iliyotakiwa kung'ang'ania skrini, kuanzia sasa itang'ang'ania kadi. Nimewahi kupoteza nusu siku nikitafuta menyu iliyopotea, kumbe nilikuwa nimeifunga mwenyewe kwa mstari huo wa sifuri.

Njia nyingine ni kukataa mpigapicha wa kivinjari na kuleta picha yako. Tukio la `dragstart` linapofika, yaani uvutaji unapoanza, kitu kiitwacho `dataTransfer` kina amri ya `setDragImage`: unampa elementi na namba mbili za kuonyesha mausi ikae wapi juu yake. Unatengeneza nakala ya kadi, unaizungushia kisanduku kisicho na rangi chenye nafasi ya kutosha kivuli, unaiweka nje ya upeo wa skrini, unaikabidhi. Usiifiche kwa `display: none`, kwa sababu kisichochorwa hakina picha. Na usiiondoe papo hapo: picha hupigwa baada ya kazi zako zote za `dragstart` kumalizika, kwa hiyo nakala ifutwe kidogo baadaye, hata kwa `setTimeout` ya sifuri, yaani amri ya kusubiri milisekunde sifuri. Mpangilio huu wa muda ndio pia unaowaumiza watu kichwa wanapotaka kuficha kadi asilia isionekane mahali pawili. Wakiificha ndani ya `dragstart`, picha nayo inatoka tupu. Wakisubiri mpigo mmoja, picha imeshapigwa na kadi inaweza kujificha kwa amani.

Unaweza kujiuliza kwa nini mfumo uliobuniwa na watu makini una tabia za namna hii. Umri wake unaeleza mengi. Uburutaji huu uliingia kwenye Internet Explorer 5 ya Microsoft mwaka 1999, na baadaye Ian Hickson, aliyekuwa mhariri wa HTML5, kanuni za lugha ya kuandikia kurasa, akauandika kwenye kanuni kama ulivyokuwa ukifanya kazi. Mwaka 2009 mtaalamu wa Uholanzi Peter-Paul Koch aliushambulia hadharani na kuuita janga. Pembe za mviringo kwa CSS, kwa upande wao, zilifika Internet Explorer katika toleo la 9, mwaka 2011. Miaka 12 ilipita kati ya kivinjari kile kujua kuburuta na kujua mviringo. Uburutaji ulipobuniwa, kitu kilichokuwa kikiburutwa kilikuwa mstatili, na hakuna aliyeuliza pembe zina rangi gani.

Waliokuwa wakitengeneza kurasa kabla ya hapo watakumbuka pembe zilivyokuwa zikitengenezwa: vipicha vinne vya GIF, kila kimoja na robo ya duara, nje ya duara pamepakwa rangi ya ukurasa. Mteja akibadili rangi ya ukurasa, pembe nne zinabaki na rangi ya zamani na kukuumbua. Kadi ya shangazi ilikuwa inafanya kitu hicho hicho, safari hii bila mtu kuchora GIF yoyote.

Baada ya kusumbuliwa na picha hizi, watengenezaji wengi huacha kabisa uburutaji wa asili. Wanasikiliza matukio ya `pointerdown`, `pointermove` na `pointerup` (kubonyeza, kusogea na kuachia), na kuisogeza kadi halisi wenyewe kwa `transform`. Hapo pembe zinakuwa salama kwa sababu hakuna picha. Kinachotembea ni elementi hai na CSS yake yote. Lakini unaingia kwenye eneo lingine lenye kasoro zake, na hizi hazina undugu na zile za mwanzo ingawa kwa macho zinafanana.

Ya kwanza huonekana sana kwenye kivinjari cha Safari cha Apple. Kadi ina picha juu yake, na mzazi amepewa `overflow: hidden` (ficha kinachozidi) pamoja na `border-radius` ili picha ikatwe kwenye pembe. Ikitulia, sawa. Inapoanza kusogea, pembe za picha zinaruka nje zikiwa kali, kisha zinarudi mviringo ikisimama. Chrome za zamani nazo zilikuwa na ugonjwa huo. Chanzo ni mgawanyo wa kazi. Ili kitu kitembee laini, kivinjari hukiweka kwenye tabaka lake na kulikabidhi kwa chipu ya michoro, ambayo kazi yake ni kuyapanga matabaka yaliyokwisha kuchorwa bila kuchora upya. Kwenye skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde kila fremu ina milisekunde 16.7 tu, kwa hiyo kutochora upya ni neema kubwa. Lakini matabaka ni mistatili. Kukata tabaka kwa mstatili ni rahisi kwa chipu. Kulikata kwa mkunjo kunahitaji barakoa, yaani taswira ya pili inayosema wapi paonekane na wapi pasionekane. Fikiria picha iliyowekwa nyuma ya karatasi iliyotobolewa duara. Mtoto anapopandishwa kwenye tabaka lake mwenyewe, ni kama picha imetolewa nyuma ya karatasi na kuletwa mbele: tundu bado lipo, ila halimkati tena.

Kwa hiyo dawa ni kuhakikisha mzazi anasafiri na watoto wake kama kifurushi kimoja, barakoa ikiwa juu ya kifurushi kizima. `isolation: isolate` kwenye mzazi mara nyingi hutosha. Wengine hutumia `clip-path: inset(0 round 16px)`, inayokata kilichochorwa badala ya kutegemea `overflow`. Na kuna suluhisho la mtu mzima asiyetaka maneno: mpe picha yenyewe `border-radius: inherit`, ijikate yenyewe.

Hilo la mwisho, hata hivyo, linaweza kukuletea kasoro ambayo mimi naiona ndiyo nzuri kuliko zote kuielewa: uzi mwembamba wa rangi ngeni kwenye mkunjo, mweupe au mweusi, unaomeremeta kadi inapopita juu ya rangi tofauti. Watu hulaumu skrini. Sababu ni hesabu ya shule ya msingi.

Mkunjo hauwezi kupita sawasawa kwenye gridi ya pikseli, kwa hiyo pikseli za ukingoni hufunikwa kwa sehemu. Tuchukue moja iliyofunikwa nusu. Kivinjari huipa rangi kwa uwazi wa asilimia 50, na ukingo unaonekana laini. Sasa weka vitu viwili vyenye mkunjo mmoja, kimoja juu ya kingine: usuli mweupe wa kadi chini, picha nyeusi juu. Usuli unapakwa kwanza: pikseli ni nusu nyeupe, nusu kitenge. Kisha picha inapakwa, nayo kwa asilimia 50: nusu nyeusi, na nusu iliyobaki inagawanywa kati ya vilivyokuwepo, yaani robo nyeupe na robo kitenge. Kijiometri, picha imefunika usuli wote, na hakuna nyeupe inayopaswa kuonekana. Kihesabu, robo ya pikseli ni nyeupe. Rudia hilo kwenye kila pikseli ya mkunjo na umepata uzi.

Kanuni ya kuchanganya rangi kwa namna hii iliandikwa na Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm mwaka 1984, na bado ndiyo inayoendesha skrini uliyoishika. Udhaifu wake ni kwamba inajua pikseli imefunikwa kiasi gani lakini haijui ni upande upi. Nusu ya kushoto na nusu ya kulia kwake ni sawa. Kwa hiyo hakuna kivinjari kitakachokuondolea uzi huo kabisa. Unauepuka wewe kwa kutorundika mikunjo miwili mahali pamoja. Ukiwa na mpaka wa rangi, tumia `background-clip: padding-box` ili usuli uishie ndani ya mpaka. Kilichomo ndani ya mpaka wa pikseli 2 kipewe mkunjo mdogo kwa kiasi hicho: nje 16, ndani 14. Na kama picha inafunika kadi yote, usuli mweupe wa nini?

Zimebaki mbili ambazo nitazipita haraka. Michirizi inayoachwa nyuma ya kadi, kama konokono amepita, hutokea pale kivinjari kinapokosea kukadiria eneo la kuchora upya. Hakichori ukurasa wote kila fremu. Kinafuta pale kinapodhani pamebadilika, na kivuli au ukingo laini ukizidi makadirio hayo kwa pikseli moja, pikseli hiyo haifutwi. Siku hizi ni nadra, na kuiweka kadi kwenye tabaka lake kwa `will-change: transform` mara nyingi huimaliza. Usimpe kila mgeni tabaka lake lakini. Kadi 400 ni matabaka 400, na simu ya bei ya kawaida itaanza kuhema.

Nyingine ni maandishi yanayofifia au kadi inayoruka kidogo unapoishika. Vivinjari hupima kwa vipande vya pikseli: Blink huigawa pikseli mara 64, Firefox mara 60. Kadi ikitulia, kingo zake husogezwa hadi pikseli kamili iliyo karibu. Ukiitembeza kwa `transform`, usogezwaji huo unaweza kukosekana, na herufi zikaangukia katikati ya pikseli mbili. Ushauri wa kawaida ni kuzungusha namba hadi iliyo kamili kwa `Math.round`, nao ni nusu ya ukweli. Kompyuta nyingi za Windows huwekwa ukuzaji wa asilimia 125, ambako pikseli 3 za CSS ni nukta 3.75 za skrini. Zungusha kwa nukta halisi: zidisha kwa `devicePixelRatio` (nukta za skrini kwa kila pikseli ya CSS), zungusha, kisha gawanya tena.

Kwa ajili ya kamati niliishia kuacha uburutaji wa asili, kwa sababu nusu ya wajumbe walikuwa wanafungua ukurasa kwenye simu, ambako hakuna mausi. Pembe zikatulia. Kikao kilichofuata shangazi akagusa kadi kwa kidole, kadi ikasogea kidogo, kisha ikagandia katikati ya skrini huku orodha yote ya wageni ikipanda juu. Kivinjari kilikuwa kimeamua kwamba anataka kuteremka ukurasa, kikanyang'anya kidole na kutuma `pointercancel`, tukio ambalo sikuwa nimelisikiliza. Kuweka `touch-action: none` kwenye kadi kulizuia hilo, ila sasa hakuweza kuteremka orodha kwa sababu kila mahali alipogusa palikuwa kadi. Mwishoni nikaweka mshikio mdogo wa nukta sita upande wa kulia wa kila kadi, nao peke yake ndio uliopewa `touch-action: none`. Pembe za mshikio nimeziacha kali.